Tisa

Saa nane usiku, Kijenge, mwezi wa saba,
baridi ya Meru imeshuka bila kupiga hodi.
Mimi na tochi, daftari, chupa ya chai ya tangawizi,
na geji nne zilizokikazia macho kichwa cha nguzo
kama mawifi wanaomtazama bi harusi akipika.

Juu yake mabloku ya zege mia moja na arobaini,
kila moja tani mbili. Nimeyahesabu mwenyewe.
Katikati jeki, na chini ya jeki nguzo
iliyozama mita ishirini na mbili
ndani ya majivu ambayo mlima uliyatema
kabla hapa hapajaitwa jina.

Kila robo saa nasoma.
Naandika. Napuliza vidole. Nasoma.

Laizer mlinzi akipita, sindano inatikisika.
"Usikanyage kwa hasira," namwambia.
"Sina hasira," anasema. "Ni katambuga."

*

Mwezi wa tano nguzo hii hii ilitudanganya.
Tani mia, kimya. Mia na hamsini, kimya.
Mia na themanini sindano ikaanza kutembea
polepole, kama mtu anayetoroka msibani,
na haikusimama tena.
Milimita thelathini na nne.

Mkandarasi alifika alfajiri na koti lake la ngozi,
akausoma ukurasa wangu mara mbili.
"Kaanaeli, nane ina ubaya gani?
Nani atashuka huko kuhakikisha?"

Ningependa kusema nilimjibu vizuri.
Nilifunga daftari, nikalikalia.

Nyumbani Sekei mama ana ufa ukutani
tangu mwaka aliozaliwa mdogo wangu.
Kila kiangazi anauziba kwa saruji ya kijiko,
kila masika unafunguka,
anaufunika kwa kalenda ya kanisa.
Fundi alimwambia, udongo huu ni jiwe, mama.
Hakuchimba hata dhiraa moja. Alipiga kisigino tu.
Nimekua nikilala upande wa kalenda,
nikiisikia nyumba ikisema na nafsi yake.

*

Mhandisi Akyoo hakufoka.
Alisema tope lilibaki kitakoni mwa shimo,
zege tumelilaza juu ya kitanda kisichotandikwa.
Tukayarudia yale mabomba membamba
tuliyoyafunga kwenye nondo siku ya kumwaga,
tukayazibua koo kwa maji,
tukasukuma uji wa saruji hadi chini kabisa,
mfuko baada ya mfuko,
presha ikapanda, ikapanda,
hadi nguzo ikajiinua nusu milimita
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.

Tukaiacha wiki tatu. Hakuna aliyeisemesha.

*

Sasa tani mia mbili ishirini na tano.
Saa tisa: nane nukta saba.
Na robo: nane nukta tisa.
Na nusu: tisa.
Kumi kasorobo: tisa.
Saa kumi: tisa.
Nafuta miwani kwa kanga. Nagonga kioo kwa ukucha
kama tulivyofundishwa. Tisa.
Nataka kupiga kigelegele,
ila kigelegele nacho kingetikisa geji.

Wengi hudhani kazi huisha mzigo ukishakaa.
Mimi napenda kuutua.
Kukipambazuka tunalegeza jeki hatua kwa hatua
na sindano inarudi ilikotoka:
saba, tano na nusu, nne,
mbili nukta tisa. Hapo inakaa.
Kile kidogo ardhi imekichukua,
hairudishi, wala hatudai.

Simu inalia. "Ngapi?"
"Tisa."
"Yaani kama nane."
"Tisa," nasema. "Na inatosha."
Anakaa kimya muda mrefu; nasikia jogoo wa kwake.

Naandika tarehe, natia sahihi, nakunja turubai.
Laizer amesimama mbali, mguu mmoja hewani,
akisubiri ruhusa.
Shusha, baba. Sasa kanyaga utakavyo.